Nani Anamwangalia Mama: shajara ya doti zisizofanana

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kamera imefika. Kaka kainunua Muscat, akampa mtu anayerudi, yule mtu akaiacha kwa nduguye Kariakoo, nami nikaifuata na kuitia kwenye basi la Tanga ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo. Ni kitu cheupe, ukubwa wa chungwa, kina shingo inayozunguka na kitaa kidogo cha kijani. Fundi wa mtaani ameifunga ukumbini, juu ya mlango wa chumba cha mama, ikitazama mlango wa mbele. Nimezaliwa katika nyumba ile, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kukiona kizingiti chake kutoka juu. Sikujua saruji imelika katikati mpaka imekuwa kama bakuli.

Habari yenyewe ilianza Novemba. Mama aliteleza uani, karibu na karo, akakaa pale chini tangu saa nne asubuhi hadi mpangaji aliporudi kutoka sokoni adhuhuri. Mguu haukuvunjika, alhamdulillahi. Ila simu zilipigwa siku ile, na kila aliyepiga aliuliza swali moja: nani anamwangalia mama? Kaka amejibu kwa kutuma mashine.

Mimi kazi yangu ni kuchapa vitambaa, na nilikuwa natafuta kazi ya kufanya mwaka huu. Basi nimeamua hivi: kila nikifungua kamera kwenye simu, naandika daftarini saa ngapi, nimeona nini, na nini kilinifanya nifungue. Kila wiki nachagua sentensi moja kutoka daftarini iwe jina la kanga. Mwisho wa masika nataka kuwa na kanga saba za kutundika.

Jumapili, 16 Februari

Mara 61. Nilidhani itakuwa kama kumi, kumi na mbili. Kati ya hizo 61, mara nne tu ndizo zenye sababu ya kueleweka: hakupokea simu, au aliniambia kichwa kinamuuma. Nyingine zote ni foleni ya Mwenge, kitandani kabla ya kulala, nasubiri maji yachemke. Moja niko msalani. Naona haya kuiandika lakini daftari ni daftari.

Na ninachokiona ni nini? Jumatano saa nne na dakika ishirini asubuhi: mama kakaa mkekani, miguu kainyoosha, ungo mapajani, anachambua mchele. Anausukuma mchele kwa kidole cha shahada, punje chache chache, kutoka upande wa kulia kwenda kushoto. Chuya anazirushia mlangoni kwa kuku. Akipata jiwe haliweki pembeni. Analiinua juu ya mwanga, analitazama, ndipo analitupa. Nilimtazama dakika kumi na nane. Nimekula wali wake miaka yote ile na sikuwahi kumwona akiyatazama mawe.

Usiku picha inakuwa ya kijivu na macho yake yanang'aa kama ya paka. Hapo huwa nazima.

Nimemkumbuka Sophie Calle, msanii wa Kifaransa. Mwaka 1981 alifanya kazi ya usafi katika hoteli moja ya Venice kwa wiki chache, akapiga picha masanduku na vitanda vya wageni, akaandika alichokikuta. Mwaka uleule alimwomba mama yake aende kukodi mpelelezi wa kumfuatilia yeye mwenyewe mitaani Paris, naye akajua siku hiyo kwamba kuna macho nyuma yake. Hiyo ya pili ndiyo inayonikaa kichwani. Hakuna aliyemuuliza mama yangu kama anataka. Tulimwambia "tunakuwekea kamera," akasema "haya," na "haya" ya mama yangu ina maana nyingi.

Jumanne, 25 Februari

Leo sikuchapa kitu, nimekaa na maneno.

Kumwangalia mgonjwa ni kumtunza. Kumtazama mgonjwa ni kwenda kwake na chungwa mkononi. Ukimwuliza mtu "unaniangalia nini?" umeanza ugomvi. Neno ni hilohilo. Fungua kamusi utakuta chunga, chungulia na chunguza vimekaa ukurasa mmoja kama watoto wa tumbo moja: wa kwanza yuko malishoni na mbuzi, wa pili yuko kwenye tundu la ufunguo, wa tatu kaajiriwa serikalini. Vijana wana lao la nne, kupiga chabo, na hilo halina sura ya huruma hata kidogo. Katika mara zangu 61, nilikuwa nachunga ngapi na ngapi ni chabo?

Mjini Lamu nyumba za zamani zililijua tatizo hili. Mlango haukupeleki moja kwa moja ndani. Unaingia tekani, kile kibaraza cha ndani ya mlango, unakata kona, jicho la mpita njia linagonga ukuta. Kuna na wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili, wanawake wakavuka kwa jirani bila kushuka njiani. Nyumba ya mama, Ngamiani mjini Tanga, haina lolote katika hayo. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati kama bomba: ukisimama barabarani mlango ukiwa wazi unaona mpaka kamba ya nguo uani. Ndiyo maana kuna pazia. Wahenga walisema macho hayana pazia, basi pazia wakaupa mlango. Na sisi tumeifunga kamera upande wa ndani wa pazia.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani imeanza na mvua nazo. Skrini mbili za kuchapia zimeharibika. Ile dawa inayopakwa kwenye neti inatakiwa ikauke gizani kabla ya kuanikwa juani na mchoro wake. Hewa ya sasa ni maji matupu, haikauki, ukiosha inabanduka yote kama ngozi ya maziwa. Nimeazima feni na kuhamishia kazi stoo.

Kitambaa nimechagua marikani. Ndiyo, jina limetoka kwa Wamarekani, waliokuwa wakiileta Unguja kwa merikebu zao karne ya 19. Ni pamba isiyopaushwa, ina rangi ya ugali wa dona, inakubali wino vizuri. Vipimo ni vya kanga ya kawaida, mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Pindo: tiki mbili za WhatsApp, zikifuatana kuzunguka nguo nzima. Mji, yaani katikati ya nguo: ukumbi unavyoonekana na kamera, mkeka umepinda kwa sababu ya lenzi. Jina chini, mahali pake.

Jambo zito zaidi limetoka kwa mpangaji. Ana chumba cha nyuma, na kwenda bafuni lazima akate ukumbini. Amenipigia mwenyewe. "Dada, shikamoo. Samahani. Ile mashine inaona mpaka wapi?" Nikamweleza. Kimya. "Kwa hiyo mie nikitoka kuoga na kanga moja, kaka yako yuko Muscat ananiona." Nikasema kaka hawezi kuwa anatazama saa hizo. Akasema, "Lakini akitaka."

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazungumzia ridhaa. Mpangaji hakuitaja wala hakuihitaji. Nimemtuma fundi akaigeuza kamera, sasa inaona mlango wa mbele, mkeka, na nusu ya kabati la vyombo, basi. Nimefuta picha zote anazoonekana na nimemtumia ujumbe kumwambia hivyo. Amejibu "asante" bila kikaragosi hata kimoja. Jina la kanga ya tatu nimelipata hapo: LAKINI AKITAKA.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya upumbavu.

Saa kumi kasoro alfajiri, wakati wa daku, nikafungua kamera. Mama alikuwa mkekani peke yake na chai na viazi. Boksi la dawa ya presha liko pembeni, halijafunguliwa, au mimi niliona halijafunguliwa. Kamera ina spika. Sikuwahi kuitumia. Nikabonyeza, nikasema, "Mama, umekunywa dawa?"

Sauti inachelewa sekunde mbili tatu kufika. Nikaona kwanza kimya, mama anapuliza chai. Kisha akaruka. Kikombe kikaenda upande wake, chai ikammwagikia kwenye kanga, akawa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti huku amejishika kifua. Mpangaji akatoka chumbani mbio ameshika mwiko. Nami huku nabonyeza tena, "Mama ni mimi, ni mimi," na kila "ni mimi" ikawa inafika imechelewa, imekwaruza, juu ya ile ya kabla yake. Ukiwa peke yako alfajiri na dari ikakuita mama, ungefanya nini?

Hakuungua, chai ilikuwa imeanza kupoa. Saa kumi na moja picha ikawa giza.

Kaka akapiga: "Kamera imekufa?" Nikamwambia haijafa, imefunikwa. Akataka nimwambie mama aifunue. Nikamwambia ampigie yeye. Hakupiga.

Saa tatu asubuhi mlango wa mbele ulipofunguliwa na jua kuingia, giza likageuka jekundu. Ni kanga. Kairushia juu ya kamera, imening'inia kidogo mbele ya lenzi, mwanga unapita kwenye nyuzi. Naona uzi kwa uzi, unapumua upepo ukipita ukumbini. Na nyuma ya wekundu kuna herufi kubwa nyeusi, zimegeuka kinyume kwa sababu natazama mgongo wa nguo. Imenichukua muda kuzisoma: WASHIA. Nikacheka peke yangu, nikadhani mama ananiamuru niwashe. Ndipo nikaikumbuka kanga yenyewe, ninaijua tangu niko shule: PILIPILI USOZILA ZAKUWASHIANI.

Nimeacha inarekodi. Saa tisa za wekundu. Ni picha nzuri kuliko yote niliyoipata mwaka huu na aliyeipiga ni yeye.

Ijumaa, 4 Aprili

Niko Tanga tangu sikukuu. Sijaleta daftari kibarazani, naandika usiku.

Jioni baada ya swala ya alasiri mama hukaa kibarazani mpaka magharibi. Nimekaa naye siku nne. Hakuna kamera ya kufua dafu kwake. "Yule kijana wa baiskeli ya bluu kaacha kupita asubuhi, kazi imekwisha. Bi mkubwa wa nyumba ya kona hajanunua mkate tangu juzi, mwanawe hajatuma. Yule, yule, usigeuke! Yule anajifanya anapita dukani." Anajua mwendo wa mtu kabla hajamwona uso. Ngamiani kuna barabara za namba, na naamini mama anaweza kukupa hesabu ya yake nyumba kwa nyumba. Zamani alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na nadhani hajastaafu.

Nikamwambia, "Sasa mama, na wewe si unawachunguza watu?"

Akanitazama kama nimemwuliza kama anakula.

"Mimi nikimwangalia mtu, naye ananiona namwangalia. Ananiamkia. Nisipomwona siku mbili nampelekea uji. Wewe usiponiona unafanya nini?"

"Nakupigia simu."

"Ehe. Na mimi nikitaka kukuona wewe?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua mchicha. Baada ya muda, bila kuniangalia: "Siku ile sikuogopa jini. Majini nayajua. Nimeogopa kwa kuwa nimejikuna."

"Umejikuna?"

"Mgongoni. Na ubao wa kukunia nazi, mkono haufiki. Nikafikiri, kumbe siku zote kuna mtu."

Nimeiandika kama alivyoisema. Sijui kama nitathubutu kuichapa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mradi umebadilika. Simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nimeiegemeza kwenye rafu ya wino karakanani, ikitazama meza ya kuchapia na mlango. Programu ni ileile. Mama anaifungua kwenye simu aliyotumiwa na kaka, mpangaji kamfundisha. Masharti ni ya mama: kamera yake ikiwa wazi na yangu iwe wazi, akifunika, na mimi naruhusiwa kufunika, kuongea kupitia spika marufuku kwa wote.

Inakula bando kama moto wa makuti, lakini inafanya kazi.

Yeye haandiki, anatuma sauti. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na moja. "Saa tisa hii hujala." "Hiyo meza ni fupi, mgongo utakuua." "Huyo paka wa nani?" Nilidhani nitajisikia kubanwa. Siku mbili za mwanzo nilijikuta nafagia. Nikavaa gauni la heshima kuchapa wino. Siku ya tatu nikasahau, na saa tisa na nusu ikaingia sauti: "Hivyo ndivyo ulivyo. Jana ulikuwa unaniigizia."

Jill Magid, Mmarekani, aliwahi kukaa Liverpool mwaka 2004 kwa siku 31, kwa sababu ndizo siku ambazo picha za kamera za mji zilihifadhiwa kabla ya kufutwa. Alivaa koti jekundu ili waendesha kamera wamwone, kisha akaomba picha zake kwa fomu rasmi, ila fomu zile akazijaza kama barua kwa mpenzi. Nilikuwa nikiona kazi ile kama ujanja wa msanii. Sasa, nikiwa na sauti za mama arobaini na kitu kwenye simu, naona fomu ilikuwa ndiyo sehemu yenye joto. Mtu anayetazamwa alipata pa kujibu.

Kwa hiyo kanga saba zimekufa. Zinakuwa doti. Doti ya kawaida ni vipande viwili vilivyofanana, unakata katikati, kimoja kiunoni, kimoja kichwani. Za kwangu, kipande kimoja kina jina kutoka daftarini, cha pili kina jina kutoka kwenye sauti za mama. Pindo moja, miji miwili: ukumbi wake, karakana yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Doti tano ziko tayari. Nazinakili:

UNAPITA HUKU NA HUKU SIJUI UNATAFUTA NINI / MIWANI NA UMENIONA IKO KICHWANI

SAA NNE UNACHAMBUA MCHELE / SAA TISA HUJALA

LAKINI AKITAKA / AULIZE

TAA IMEZIMA SIJUI UMELALA / NIMELALA

Ya tano ni ya wekundu, haina maneno. Nimechapa ile picha ya kanga kutoka ndani, nyuzi na vivuli vya herufi zilizogeuka, na kipande chake cha pili nimekiacha cheupe mpaka mama aseme.

Niliwapelekea wachapaji wenzangu vipande vya karatasi, waandike bila jina jinsi wanavyowaangalia watu wao. Majibu yako ndani ya kopo la wino na sitayachapa, ila baadhi siwezi kuyaacha. Mmoja anaanza kutuma pesa kwa namba asiyoijua, jina la mwenye namba likitokea anakatisha. Mmoja haweki statasi ila kwa ajili ya mtu mmoja, halafu anakaa kuhesabu kama kaiona. Mmoja: "Namjua amerudi kwa mlio wa komeo. Nikisikia, ndipo ninalala. Hajui." Hiyo ya mwisho nimeirudia sana.

Fundi cherehani anayenipindia kazi hakufurahi. Alizigeuza, akazilaza juu ya nyingine, akasema, "Dada, hii siyo doti. Hii ni vipande viwili vya watu wawili." Nikamwambia ndivyo. Akanipandishia bei.

Alhamisi, 22 Mei

Jaribio la kutundika, karakanani, kamba tatu. Nimezitundika chini, usawa wa kifua, kama uani kwa watu. Ukitaka kusoma kipande cha pili lazima uiname na kupita kati ya nguo, na hapo aliye upande wa pili anaona miguu yako. Inafanya kazi vizuri kuliko ukutani. Wino wa doti ya nne umechuja pembeni, nitarudia. Mama ameshasema kuhusu kile kipande cheupe: kibaki hivyohivyo, "watu wafutie mikono."

Hayo ni ya kazi. Kuna jingine, na kwa sheria niliyojiwekea tarehe 8 Februari lazima niliandike.

Jumatatu jioni iliingia sauti. "Mwanangu, hamjambo huko. Vile viatu vya kahawia pale mlangoni, vya kiume vile, tangu jana mchana viko palepale. Ni vya fundi gani huyo anayeondoka akaacha viatu?"

Nilisikiliza mara tatu. Kisha nikaenda kwenye rafu na kuigeuza simu ikatazama ukuta. Siku mbili sikuandika kitu. Yeye aliiacha ya kwake wazi. Nilimwona akichambua mchele, akiswali, akipita kufunga mlango, na mara moja alisimama chini ya kamera akaitazama muda mrefu, kisha akaenda zake.

Jana usiku: "Naona ukuta. Umepakwa rangi nzuri."

Leo asubuhi nimeigeuza simu ikarudi kutazama mlango. Viatu viko pale. Nikachukua kanga moja ya majaribio, ile SAA TISA HUJALA, nikaitundika mbele ya lenzi, nikafungua dirisha la nyuma yake ili mwanga upite.

Sauti yake imeingia saa mbili na robo. Nyuma yake kuna kuku na redio.

"Sasa hiyo umeniandikia nini? Herufi zimegeuka. Hebu nisomee."